Maua ya porini ya Rwanda: Mbegu gramu chache, nyaraka mzigo kamili

KIGALI: Pakiti ya karatasi yenye mbegu za maua haina uzito wa kumshtua mtu. Dereva anaweza kuitia kwenye droo ya gari akasahau kwamba anayo. Hata hivyo, pakiti hiyo ikikutwa mpakani Gatuna au Rusumo bila nyaraka, inaweza kushikiliwa na kuharibiwa, na shehena iliyofuatana nayo ikachelewa pia.

Suala hili si dogo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa ukanda huu. Biashara ya miche na mbegu za mimea ya asili ni changa, lakini ina wateja na ina sheria zake. Wengi wanaoingia humo wanajua ama upande wa kitalu au upande wa forodha, na hasara hutokea pale pande hizo mbili zinapokutana. Makala hii inaeleza pande zote mbili: namna mbegu za maua ya asili yanayodumu miaka mingi zinavyooteshwa, na namna zinavyovuka mpaka kihalali.

Soko linatoka wapi

Kwa miaka mingi bustani za Kigali zilipandwa maua ya kigeni. Hali imeanza kubadilika kutokana na kazi ya kurejesha maeneo oevu ya jiji. Hifadhi ya Nyandungu, yenye ukubwa wa hekta 121, ilifunguliwa Julai 2022 baada ya kupandwa miti zaidi ya 17,000 ya aina 55 za asili. Kijiji cha Umusambi, ambako korongo wasioweza kurudi porini hutunzwa, nacho kilirejesha eneo oevu kwa mimea ya asili. Baada ya hapo ukaja mradi wa kufufua maeneo matano ya Gikondo, Rwampara, Kibumba, Nyabugogo na Rugenge-Rwintare.

Kazi za namna hii huhitaji mimea inayostahimili hali ya hapa bila kumwagiliwa kila siku na bila kupandwa upya kila msimu. Ndipo maua ya asili ya kudumu yanapopata nafasi. Mmea wa kudumu ni ule unaoishi zaidi ya miaka miwili. Hata majani yakikauka wakati wa kiangazi, mizizi au kiazi chake hubaki hai ardhini na kuchipua tena mvua zikirudi.

Aina zilizopo ni nyingi. Pentas lanceolata hutoa vishada vya maua madogo yanayopendwa na vipepeo. Thunbergia alata ni mmea unaotambaa wenye maua ya rangi ya chungwa na kitovu cheusi. Gladiolus dalenii, wenye maua mekundu na ya njano, ni mmoja wa wazazi wa gladiola zinazouzwa leo katika maduka ya maua duniani. Mimea ya jamii ya Kniphofia humea kwenye nyanda za juu, mara nyingi penye unyevu. Yote ni mimea ya Afrika.

Hapa mfanyabiashara asichanganye mambo. Pareto, inayolimwa Musanze, Nyabihu, Burera na Rubavu, ni ua la kudumu pia, na ndilo linalojaza malori zaidi kaskazini mwa Rwanda. Lakini pareto si ya asili ya nchi hii. Kwao ni pwani ya Dalmatia, Ulaya. Ni zao la viwanda vya dawa za wadudu na lina mfumo wake wa ununuzi.

Funzo la Bugarama

Anayetaka kujua thamani ya ua la porini atazame yaliyotokea Mashyuza, karibu na Bugarama, kusini magharibi mwa Rwanda. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta hapo yungiyungi dogo kuliko yote yanayojulikana duniani. Lilimea kwenye tope lenye joto pembezoni mwa chemchemi ya maji moto. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Liliitwa Nymphaea thermarum, na halikujulikana kuwepo nchi nyingine yoyote.

Mnamo mwaka 2008 ua hilo lilitoweka pale Mashyuza baada ya maji ya chemchemi kuchukuliwa kwa matumizi mengine na tope kukauka. Kwa bahati nzuri mimea michache na mbegu zake zilikuwa zimehifadhiwa katika bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani. Mbegu nyingine zikapelekwa bustani ya Kew, London.

Huko Kew kazi ilikuwa ngumu. Mayungiyungi mengi huoteshwa yakiwa yamezama majini, na mbegu za Bugarama ziliwekwa hivyo hivyo. Zilichipua, lakini miche ikafa. Mtunza bustani Carlos Magdalena alirudi kusoma maelezo ya mahali ua lilipotoka, akagundua kwamba halikuwa likiishi ndani ya maji bali kwenye tope lenye unyevu, ambako jani hupata hewa ya ukaa moja kwa moja. Aliweka mbegu kwenye vyungu vidogo vya udongo, maji yakiwa usawa mmoja na udongo, kwa joto la nyuzi 25. Miche ikakua, na Novemba 2009 ua la kwanza likachanua.

Habari haikuishia hapo. Januari 2014 mmea mmoja wa aina hiyo uliibwa Kew na polisi wa London wakaitwa. Mwaka 2023 ikaripotiwa kuwa ua hilo limekutwa tena porini nchini Rwanda.

Kwa mfanyabiashara kuna mafunzo mawili. La kwanza ni la kitalu: mbegu hufuata desturi ya mahali ilipotoka, wala si desturi ya mkulima. La pili ni la soko: mmea wa tope la Bugarama uligeuka mali yenye kuibwa London, na maafisa wa mimea kila nchi wanayajua mambo haya. Wanapouliza mbegu zimetoka wapi, hawaulizi kwa ukaidi.

Kuna mfano wa zamani zaidi upande wa Tanzania. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, alipeleka nyumbani kwao ua dogo la milima ya Usambara. Mwaka uliofuata lilipewa jina la Saintpaulia. Likawa moja ya maua ya ndani ya nyumba yanayouzwa sana duniani, na biashara yake ikajengwa Ulaya na Marekani. Wakazi wa Usambara hawakuwa sehemu ya mauzo hayo.

Ni kutokana na visa vya aina hii ndipo Mkataba wa Nagoya ulipopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014. Mkataba huo unataka anayechukua rasilimali za mimea kwa ajili ya utafiti na kuziendeleza apate ridhaa ya nchi yenye mali na akubaliane nayo namna ya kugawana faida. Rwanda iliuridhia mwaka 2012, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani.

Namna ya kuotesha

Kazi inaanza kwa kuvuna. Mbegu huchukuliwa ganda linapobadilika rangi na kuanza kukauka, kabla halijapasuka. Zikivunwa mbichi hazitaota, na zikichelewa zitakuwa zimepeperuka. Mbegu za Gladiolus dalenii, kwa mfano, zina mbawa nyembamba na upepo huzibeba. Baada ya kuvunwa hukaushwa kivulini kwenye hewa inayopita. Jua kali la mchana au bati la moto huua kiini.

Vitabu vingi vya kilimo cha maua vimeandikwa Ulaya na Marekani, na humwambia msomaji aweke mbegu kwenye jokofu kwa wiki kadhaa ili zidhani majira ya baridi yamepita. Kwa mimea mingi ya ukanda huu hatua hiyo haina maana, kwa kuwa haijawahi kupitia theluji. Kinachozuia mbegu za hapa kuota mara nyingi ni mambo mengine matatu.

La kwanza ni ganda gumu. Mbegu za jamii ya kunde, kama za mti wa umuko unaojulikana na kila Mnyarwanda, hazipitishi maji. Hukwaruzwa kwa msasa upande mmoja, kisha huloweshwa usiku kucha. Inayovimba imefunguka, isiyovimba ikwaruzwe tena.

La pili ni mwanga. Mbegu ndogo kama vumbi, zikiwemo za Pentas, husiwa juu ya udongo na kugandamizwa kidogo tu, bila kufunikwa. Anayezifukia kama mahindi hatapata kitu. Mbegu kubwa kiasi hufunikwa kwa udongo unaolingana na unene wa mbegu yenyewe.

La tatu ni muda. Gloriosa superba, ua zuri lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kama miali ya moto, linaweza kuchukua wiki nyingi kuchipua, na hata likichipua hutumia misimu kadhaa kujenga kiazi kabla ya kuchanua. Mwenye kitalu asiye na subira humwaga trei wakati mbegu ziko hai.

Udongo wa trei uwe mwepesi: mchanga uliooshwa na mboji iliyochekechwa. Samadi mbichi haifai. Maji yamwagwe kwa kunyunyiza au trei ikalishwe kwenye beseni ili unyevu upande kutoka chini. Adui mkubwa wa miche michanga ni kuoza shina usawa wa udongo, ugonjwa wa ukungu unaoletwa na maji mengi na miche kubanana. Trei nzima inaweza kulala kwa siku mbili.

Kuhusu ratiba, Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Anayesia Juni au Julai chini ya kivuli, kwa kumwagilia, atakuwa na miche ya kupeleka shambani mvua za Septemba zikianza kutulia ardhini. Pentas na Thunbergia zinaweza kuchanua ndani ya mwaka wa kwanza. Kniphofia na gladiola ya porini mara nyingi huhitaji mwaka wa pili au wa tatu.

Hesabu za mwenye mtaji

Hapo kwenye muda ndipo penye gharama iliyojificha. Mtaji uliowekwa kwenye trei ya Kniphofia hauzunguki kama wa nyanya. Mwenye kitalu mwenye busara huchanganya aina za haraka na za polepole, ili za haraka zilipe wafanyakazi na maji wakati za polepole zinakua.

Aidha, mnunuzi wa mbegu asitazame bei ya kilo peke yake. Tuseme kwa mfano muuzaji mmoja anauza kilo kwa faranga 30,000 na mwingine kwa faranga 50,000. Wa kwanza anaonekana rahisi. Lakini kama mbegu zake zinaota asilimia 40, na za wa pili asilimia 80, gharama ya kilo moja ya mbegu hai ni faranga 75,000 kwa wa kwanza na 62,500 kwa wa pili. Aliye ghali ndiye rahisi.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Hesabu mbegu 100, zipange kwenye karatasi laini iliyoloweshwa, funika, weka mahali penye joto la kawaida, na hesabu zilizochipua baada ya muda unaofaa kwa aina hiyo. Matokeo yaandikwe kwenye pakiti pamoja na tarehe. Na kati ya kuchipua na kuuza kuna hasara nyingine: mbegu 1,000 zikiota asilimia 60 ni miche 600, na theluthi ikifa wakati wa kuhamishwa inabaki 400. Bei ya mche ipangwe kwa hao 400.

Nyaraka za mpakani

Wafanyabiashara wengi wanaamini kwamba kwa kuwa Rwanda imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, mbegu hupita tu. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Kwa upande wa ushuru, mbegu za maua ya kupandwa ziko chini ya namba 1209.30, na hata zinazotoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia sifuri kwa mujibu wa jedwali la ushuru wa pamoja. Ushuru kuwa sifuri hakuondoi ukaguzi wa afya ya mimea.

Vivyo hivyo kwa wafanyabiashara wadogo wanaotumia utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti rahisi cha uasili kinathibitisha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya. Hakithibitishi kwamba haina wadudu wala magonjwa. Hivyo ni vyeti viwili tofauti, na makosa mengi huanzia kwenye kuvichanganya.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, mnunuzi aombe kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya nchi yake: Wizara ya Kilimo nchini Uganda, KEPHIS nchini Kenya, au TPHPA nchini Tanzania. Pili, muuzaji wa Kigali achukue kibali hicho hadi RICA, taasisi ya ukaguzi ya Rwanda, ili mzigo ukaguliwe kwa masharti yaliyoandikwa humo. Tatu, cheti cha afya ya mimea kitolewe kabla ya gari kuondoka. Mzigo unaoingia Rwanda hufuata njia hiyo hiyo kinyume chake. Anayefika mpakani kwanza na kuanza kutafuta karatasi baadaye amegeuza utaratibu, na gharama za kusubiri ni zake.

Kwenye cheti, jina liandikwe la kitaalamu. "Mbegu za maua" halimwambii mkaguzi lolote, kwa sababu jina moja la mtaani linaweza kubeba aina tano. Kiasi, asili na dawa iliyotumika vilingane na kilichomo kwenye pakiti.

Swali la mbegu zimevunwa wapi lina uzito wake. Rwanda ina sheria ya bioanuwai ya mwaka 2021, na hairuhusiwi kuchuma mimea ovyo katika hifadhi za Nyungwe, Volkano, Akagera au Gishwati-Mukura. Njia salama kibiashara ni kuwa na mimea mama kitaluni, iliyopatikana kwa idhini, na kuvuna mbegu humo. Kumbukumbu za kitalu ndizo zitakazojibu maswali ya mkaguzi.

Kuna pia mkataba wa CITES. Mishubiri yote ya porini isipokuwa Aloe vera, pamoja na okidi zote, imo kwenye orodha za mkataba huo. Mche wa mshubiri ukivuka mpaka unahitaji kibali cha CITES, lakini mbegu za mishubiri iliyo kwenye orodha ya pili zimesamehewa kibali hicho. Hii ni sababu mojawapo ya mbegu kuwa rahisi kusafirisha kuliko miche. Sababu nyingine ni udongo: nchi nyingi hazipokei mimea yenye udongo kwenye mizizi, kwa hofu ya minyoo na magonjwa.

Mwisho kwenye orodha hii ni vifungashio. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza marufuku ya plastiki zinazotumika mara moja. Mbegu zifungwe kwenye bahasha za karatasi au mifuko ya kitambaa. Anayetaka viriba vya plastiki kwa ajili ya kitalu aulize REMA kwanza kabla ya kuagiza.

Ndani ya gari

Kwa wasafirishaji, jambo la kukumbuka ni kwamba mbegu ni kiumbe hai kilicholala. Kanuni ya zamani ya wataalamu wa mbegu inasema kwamba kwa mbegu zinazohifadhiwa zikiwa kavu, kila nyuzi tano za joto zinazopungua huongeza umri wake karibu mara mbili, na kila asilimia moja ya unyevu inayopungua ndani ya mbegu hufanya hivyo pia. Maana yake barabarani ni rahisi. Pakiti iliyowekwa juu ya dashibodi au chini ya turubai lililopigwa jua inazeeka kila saa. Iwekwe katikati ya mzigo, ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na injini na mbali na magunia yenye unyevu.

Safari zenyewe ni ndefu: karibu kilomita 1,700 kutoka Kigali hadi Mombasa kwa kupitia Kampala, na karibu 1,500 hadi Dar es Salaam kwa kupitia Rusumo. Hata hivyo, mbegu kavu ina faida ambayo ua la kukatwa halina. Gatuna ilipofungwa Februari 2019, ilikaa hadi tarehe 31 Januari 2022 ndipo ikafunguliwa tena, na Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Katika hali kama hizo bidhaa mbichi huoza njiani. Mbegu iliyokaushwa vizuri inaweza kurudi ghalani na kusubiri.

Tahadhari moja ni ya usalama wa watu. Sehemu zote za Gloriosa superba zina sumu kali iitwayo kolchisini, na kiazi chake watu wamewahi kukidhania kiazi cha kuliwa. Mzigo wa aina hiyo uandikwe wazi, na utingo aelezwe asiuchanganye na chakula.

Kwa hali hiyo, anayetaka kuingia kwenye biashara hii aanze kwa aina mbili au tatu anazoweza kuziotesha kwa uhakika, aweke kumbukumbu tangu siku ya kwanza, na apate kibali cha mnunuzi kabla ya kujaza pakiti hata moja. Yungiyungi la Bugarama liliokolewa kwa sababu mtu alisoma vizuri maelezo ya mahali lilipotoka. Mfanyabiashara naye, kitaluni na mpakani, ataulizwa hilo hilo: mbegu hizi zimetoka wapi?